Chuma Mguuni mwa Mama Pindo

Mtaani tulimwita Mama Pindo, maana kwa kukunja pindo la suruali hakuwa na mpinzani. Alikuwa mjane, akiishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, katika vyumba viwili nyuma ya duka lake la kushona. Aliteleza ngazini akavunjika mguu, hospitalini wakamwekea bamba la chuma. Mfupa ukaunga. Kidonda ndicho kilichokataa.

Kilifunga, kikavimba, kikapasuka na kutoa usaha. Akimeza antibiotiki kilikauka vizuri hata akarudi kukanyaga cherehani. Dawa zikiisha tu, kinaanza upya.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa muuza dawa. Mama Pindo aliamini anauziwa chaki, akahamia duka la mbali, na kila kidonge akakiramba kwanza apime uchungu wake. Hali ikawa ile ile. Basi jicho likamgeukia wifi, aliyemwosha kidonda kila asubuhi. Mbona anampa mgongo akichanganya maji ya chumvi? Na mbona siku hizi anauliza uliza habari za vyumba hivi? Akaanza kufungia dawa zake kwenye droo ya cherehani, ufunguo kifuani.

Asubuhi moja, wifi akiwa amepiga magoti na bandeji mkononi, aliulizwa kwa sauti ya chini, "Wifi, unanitia nini humu?"

Wifi alimaliza kufunga bandeji, akanawa mikono, akakusanya nguo zake, akaenda kuishi kwa binti yake.

Mama Pindo akawa anajiosha mwenyewe. Kidonda kikafumuka tena, na sasa nyumbani hakukuwa na wa kusingiziwa. Akarudi kwa daktari wa mifupa, ambaye naye alikuwa ameshaingia kwenye kundi la washukiwa.

Daktari alimweleza kwamba vijidudu vimeng'ang'ania lile bamba na kujifunika utando wa ute, kama ule utelezi wa ndani ya ndoo ya maji: ukisuuza hautoki, mpaka usugue. Askari wa mwili wanafika, lakini kuvimeza hawawezi. Dawa inaua vinavyotoka nje; vya ndani kabisa vimelala, na dawa ile huua zaidi vilivyo macho. Ikiisha, vinaamka; bamba lazima litoke.

"Chuma mliweka nyinyi," alisema Mama Pindo. "Leo mnataka kukitoa nyinyi."

"Ndiyo, mama. Mfupa umeshaunga, hauna kazi nacho tena."

Alikubali kwa sharti aonyeshwe. Alipozinduka wakamletea bamba ndani ya chupa. Alilikagua kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine. Lilimeta, safi kabisa machoni, akaguna kwamba wamemletea la mtu mwingine. Majibu ya maabara, yaliyokuta vijidudu juu ya bamba lile, ndiyo yaliyomnyamazisha. Alimeza dawa wiki kadhaa zaidi, kidonda kikafunga, na hakijafunguka hadi leo.

Mguu ulipopata nguvu alikwenda kwa wifi, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema lililompeleka. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema yamekwisha. Kisha akaleta chai, vikombe viwili kwenye sinia, akaviweka katikati yao.

"Chagua wewe kwanza, wifi," alisema.

Mama Pindo alichukua kilichokuwa karibu, akanywa ingali moto, machozi yakimtoka.