Fundi na Diski Inayotoweka

Fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu hajawahi kushindwa na kitu. Akikwama, ujue kosa ni lako. Kila kifaa hukipuliza kwanza, kama anayepoza chai, kisha huguna na kuuliza, "Nani kaigusa hii?" Jana mhasibu alimwita akihema: kompyuta yake ikilala, ikiamka diski haionekani, na humo ndimo zilimo picha zote za marehemu mama yake. Fundi akapuliza, akabadilisha waya, akazima, akawasha. Diski ikarudi. "Si nilikwambia?" akasema, ingawa hakuwa amesema lolote.

Alipokuja mezani kwangu kujisifu, kompyuta ya mhasibu ikalala, na ilipoamka diski ikawa imetoweka tena. Safari hii hakuuliza nani kaigusa. Alirudi akaiwasha upya, akaanza kuhamishia picha kwenye diski nyingine, akakaa akisukumasukuma kipanya kwa kidole kimoja ili kompyuta isipate usingizi. Bila shaka mpangilio wa kuizuia isilale upo, lakini nani angethubutu kumfundisha bingwa? Saa ya chakula ikafika, mhasibu bado kasimama nyuma yake. "Nenda ukale, dada," fundi akasema bila kugeuka. "Mama niko naye hapa."