Mswagaji wa Masieda

Nilikaa mbele, kati ya dereva Yonas na mjane, kwa sababu nyuma ya pikapu kulikuwa na jeneza. Tulikuwa tumetoka Mbulu mjini asubuhi, kwenye ubaridi ule unaowafanya watu wasalimiane mikono ikiwa mfukoni, tukawa tunaelekea Masieda, nisikokujua, mimi nikiwa mgeni niliyeomba lifti tu, pale Yonas alipofunga breki. Mvua ya jana yake ilikuwa imeligeuza korongo kuwa mto, na mto umeondoka na daraja la magogo. Palibaki matope, na njia ya miguu ikipanda ng'ambo.

"Hapa hata trekta halipiti," alisema Yonas.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumfahamu Joakimu Margwe, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai.

Ukingoni palikuwa na kibanda cha chai cha mama mmoja, Kornelia. Kwenye benchi lake wanaume wawili walikuwa wakitusubiri: Felician, mkulima wa Masieda, na Gidahosh, mfugaji kutoka Dirma, mrefu, amejitanda shuka. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi na Joakimu. Walikuwa waswagaji, watu wanaotembeza ng'ombe kwa miguu kutoka mnadani hadi mahali ambapo lori linaweza kufika. Manyara ulikuwa mkoa mchanga wakati huo, na tangu biashara ilipoachiwa huru, matajiri wa Arusha walikuwa wakija wenyewe minadani. Walikuja na pesa na haraka. Miguu walikodi.

"Shikamoo mama," Felician alimwambia mjane.

"Marahaba. Mmemsubiri."

"Yeye ametusubiri mara nyingi zaidi."

Xavery, mdogo wa marehemu, alishuka kutoka nyuma alikokuwa amekaa na jeneza. Akatazama korongo, kisha mawingu. "Turudi. Tumzike mjini. Mvua ikishuka tena, hapa havuki mtu."

Mjane, Rogathe, hakupandisha sauti. "Kaburi limeshachimbwa nyumbani, kando ya mama yake. Mume wangu hatalala kati ya watu asiowajua."

Wakaendelea kwa Kiiraqw. Nimesikia ndugu wakibishana kwa lugha nyingi, na mabishano hayo hayahitaji mkalimani.

Hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya. Jeneza lilitaka wanaume wanne, na wanaume wa Masieda walikuwa nyumbani, mbali ng'ambo. Kuwafuata na kurudi kungemaliza mchana. Hapa tulikuwa na Yonas, Xavery na Felician. Nikajitolea. Felician akatazama viatu vyangu vya mjini.

"Asante, mgeni. Lakini tumekuja kuzika mtu mmoja tu."

Kila mtu akamtazama Gidahosh, kisha kila mtu akatazama kwingine.

Kornelia alinieleza huku akinimiminia chai. "Kwenye ukoo wake, aliyebeba maiti haingii zizini mpaka wazee wamtakase. Na ng'ombe wake ndio wanazaa sasa hivi."

Kwa hiyo hakuna aliyemwomba. Waliongea habari za Joakimu, kama watu wanaosubiri mwenzao achelewaye.

"Wengine tunakaa nyuma na fimbo," alisema Felician. "Yeye alikuwa hachukui ng'ombe kabla hajalala nao zizini kwa muuzaji, blanketi lake katikati yao. Asubuhi anatangulia, wanamfuata. Nilimwambia, Joakimu, unanuka kuliko samadi. Akasema, wewe oga tu, tuone nani atakufuata."

"Hata mimi nilimwambia," alisema Rogathe. "Mimi hakunijibu."

"Na yule tajiri je?" Kornelia alichokoza.

Gidahosh akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe walikuwa wangu, acha niseme mimi. Tajiri alisema hana muda wa kungoja mtu alale na ng'ombe. Akakodi watu wenye mijeledi. Mimi huyo kilabuni, nakunywa pombe ya mauzo. Mara mke wangu Getruda anatuma mtu: mume wangu, leo umeuza nini? Mbona ng'ombe wote wako hapa?"

Yonas alicheka mpaka akashika boneti ya gari.

"Waligeuka mlimani, wakarudi wenyewe. Tajiri anapiga kelele kwamba nimemroga. Joakimu ndiye aliyekuja kututuliza. Akalala zizini kwangu, asubuhi akaondoka nao kimya kimya." Ngurumo ilipita mbali, upande wa Hanang. "Mtu wa kabila lingine, zizini kwangu. Sijamruhusu mwingine kabla yake wala baada."

"Gidahosh, hakuna aliyekuomba," alisema Felician.

"Najua. Mngeniomba ningekataa." Akasimama, akakaza shuka kiunoni. Kisha akanigeukia. "Mgeni, akipita mtu wa Dirma, mwambie afike kwa Getruda. Yeye na watoto wakamue, wazalishe. Mimi nitakaa nje ya zizi mpaka nitakaswe."

Xavery alikuwa bado na shaka. "Na tukianguka nalo kwenye matope?"

"Utaanguka wewe, umekaa mjini sana," alisema Gidahosh. " Shika hapa, shemeji yetu anatazama."

Kornelia alijifunga khanga ya pili. Hakutaka mjane atembee peke yake na wanaume. Akanipa mwiko, nimlindie kibanda na maziwa yaliyokuwa jikoni. "Maziwa yakifurika, nitajua."

Wakateremka. Matope yaliwafika magotini. Katikati Yonas aliteleza, jeneza likainama, na bega la Gidahosh likalipokea lote mpaka mwenzake akasimama tena. Rogathe alisubiri wafike ng'ambo, akavua viatu, akavuka akiwa amevishika mkononi. Juu ya ukingo hawakupumzika. Niliwaona wakipanda kati ya mashamba ya mahindi, kisha niliona jeneza tu, kisha njia.

Matone ya kwanza yalipiga bati la kibanda. Nilisogeza kuni, nikakaa kwenye benchi nikiangalia barabara, nikimngoja mtu wa Dirma.