Ova, Kisha Wachia

Mwaka wa 1992 nilikuwa na miaka kumi, na ndio mwaka ambao meli ya baba ilitoka bandarini isirudi. Dhiki yetu ilianza hapo. Nilikuwa darasa la nne. Karo ilikatika, nikabaki nyumbani na nyanya, Mji wa Kale, na tangu siku hiyo sikuingia tena darasani ila kupeleka watoto wangu. Sisemi haya unionee huruma. Walionicheka kwa kutojua Kizungu leo wanakula kwangu, na wawili kati yao nimewaandika kazi.

Kizungu changu ni neno moja. Lilikuwa limelala miaka mingi, likaamka mwezi uliopita, mkwe wa fundi wa redio aliponipigia simu. "Mama, twavunja karakana ya mzee. Njoo utazame, isije ikawa kuna kitu chako tukakitupa."

Nikaenda. Zile njia zetu ni zilezile, nyembamba, ukinyoosha mikono wagusa kuta za watu wawili. Karakana ilikuwa tupu, chokaa imeanguka, chumvi imetoka ukutani kama ukungu wa mkate. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na redio ya fundi, imefunikwa kitambaa kilekile cha maua. Nikaweka mkono juu yake. Ilikuwa na joto. Umeme, waliniambia, ulikatwa wiki iliyopita. Nikasema labda ni jua la dirishani. Lakini ndugu yangu, mimi nililijua dirisha lile. Halijapata kuingiza jua.

Neno lenyewe ni ova.

Usidhani nililipata redioni. Nilizaliwa nalo. Baba, kabla ya kwenda baharini, alikuwa kuli bandarini, na siku akichelewa nyanya alimwekea chakula akasema, "Leo yuko ova," maana yake anafanya kazi ya ziada. Nguo yake ya kazi, ya buluu, ya kipande kimoja, ni ovaroli, nayo ilining'inia nyuma ya mlango wetu. Lori likipita Makupa limebeba magunia mpaka chuma chalia, makuli walicheka, "Hilo ni ova, litalala darajani." Na uwanjani, watoto wa Kihindi walipocheza kriketi, mtu alirusha mipira sita, kisha mwenzake akapaza sauti, "Ova!" na wote wakahama, huyu akaenda kule, yule akaja huku, kama waliosikia amri. Mimi niliwatazama kwa mbali na sinia la viazi kichwani, nikajiuliza Wazungu ni watu gani, neno moja wamelituma kazi nne. Kisha fundi akanifunza kazi ya tano.

Fundi alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu. Alitengeneza redio za meli na mashua, na ile kubwa ya mezani ilikuwa yake mwenyewe, waya wake umepanda mpaka juu ya dari. Wazee waliiita simu ya upepo. Meli ya baba, meli ndogo ya mizigo ya kwenda kaskazini, ilipopitisha wiki mbili bila habari, nyanya alinishika mkono tukaenda kwake baada ya sala ya alasiri.

Fundi akatuonyesha. "Hii maiki. Ukitaka kusema, bonyeza hapa ubavuni. Ukimaliza, sema ova, kisha wachia. Ukiwachia, nyamaza. Ndiyo zamu yake."

Nyanya akaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji. "Asalaam alaikum, mwanangu, waambaje, hujambo, kazi vipi, na wenzio hawajambo, na nahodha je..."

"Bi mkubwa! Hapa si barazani. Fupisha."

"Nisimsalimu mwanangu kwa sababu ya chuma chako?"

"Msalimu. Lakini mwachie nafasi akujibu. Unapobonyeza husikii. Umeshika hivyo, hata malaika akikuita, hutomsikia. Na yeye akibonyeza hakusikii. Mkibonyeza wote wawili, basi mwapiga kelele kila mtu ndani ya mtungi wake."

Nyanya akamtazama, akasema, "Kumbe hii mashine ina adabu kuliko wake za watu." Kisha akabonyeza. "Mwanangu. Ni mamako. Ova." Akawachia.

Redio ikakaanga. Sina neno jingine. Sauti ile ilikuwa ya mafuta ya karai yaliyoshika moto, kabla hujatia kiazi. Tulisimama watatu tukasikiliza mafuta yasiyokuwepo, na hakuna aliyejibu.

Tukawa twaenda kila siku. Asubuhi niliteka maji kisimani, mle mle ndani ya nyumba, nikamenya viazi, nyanya akachemsha, akakoroga unga na bizari, akakaanga. Mchana niliuza viazi karai na rojo la ukwaju mpaka Bondeni na kurudi. Alasiri, redio. Fundi hakututoza chochote, nasi tulimpelekea viazi vitano kwenye kipande cha gazeti, vya moto.

Kilichonitisha si redio. Ni kwamba nyanya aliichukua sheria yake akaja nayo nyumbani. Alianza kidogo kidogo. Akimaliza dua mkekani, husema amin, kisha kwa sauti ndogo, "Ova," na kunyamaza akiwa ameinamisha sikio. Akichungulia kisimani humwita baba jina lake la utotoni, husema ova, na kungoja. Na mimi, mtoto, nilijua sheria: mtu akishasema ova, hakuna kuongea. Nikasimama na ndoo mkononi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nyumba yetu ilikuwa na sauti. Tone la maji likianguka chini kule, kisha jingine. Njiwa wakikwaruza dari. Na nyuma ya mlango ile ovaroli ya buluu, siku isiyo na upepo wowote, vifungo vyake vya chuma vikigusa ubao. Tik. Tik. Nyanya akisikia hugeuka na kusema, "Haya. Tumesikia," akaendelea kukoroga unga.

Majirani walianza kupita upande wa pili wa njia. Mmoja aliniambia, "Nyanyako amwita asiyeitwa. Mwambie amsomee khitma, akome kumwita." Sikumwambia.

Siku moja miguu ya nyanya ilivimba, akanituma peke yangu. "Mwite babako kwa niaba yangu. Mara tatu. Usimchoshe fundi." Nilipofika, fundi alikuwa akivaa viatu. "Njoo, mwana. Kaa hapo. Naenda kutafuta risasi ya kuunganishia nyaya, narudi sasa hivi. Usizungushe vifundo hivi vya redio, utapoteza masafa." Akaniwachia maiki.

Nikabonyeza. "Baba. Ni mimi. Ova." Nikawachia. Mafuta.

Mara ya pili. "Baba, nyanya aumwa miguu. Ova." Nikawachia.

Safari hii mafuta yalipungua. Hayakukoma, yalishuka, vile karai linavyonyamaza unapotia kiazi kibichi cha baridi. Na ndani ya kule kushuka nikasikia mtu akivuta pumzi. Pumzi ya kutaka kusema. Kila siku tulikuwa tumeiomba ile sauti, na ilipokaribia, mimi sikuitaka. Nilitaka ikome. Nilijua namna moja tu ya kuinyamazisha.

Nikabonyeza, nikashikilia.

Kisha, kwa kuwa ukibonyeza lazima useme, nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani, hesabu za kuzidisha za darasa la nne. Mbili mara mbili, nne. Mbili mara tatu, sita. Nikaenda kwa sauti ya kuimba kama alivyotufundisha mwalimu, macho nimefumba, kidole kimekufa ganzi. Nikapita za tatu, za nne, nikafika tano mara kumi, hamsini. Hapo elimu yangu ilikwisha, kwa sababu za sita ndizo zilizokuwa zifundishwe nilipotolewa skuli. Nikawachia.

Mafuta yalikuwa yale yale ya kila siku. Hakuna pumzi. Fundi akarudi akipiga mluzi, akaniuliza, "Yuko?" Nikasema, "Hayuko."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nilimpelekea viazi vyake. Palikuwa na baharia mmoja wa tagi, zile boti za kuvuta meli bandarini, ameleta redio yake itengenezwe. Baharia huyo alikuwa mcheshi. Akachukua kiazi bila kuombwa.

"Fundi, siku hizi umefungua chuo?"

"Chuo gani?"

"Jana alasiri kuna kitoto kilikuwa kikisoma hesabu hewani. Nilicheka mpaka nahodha akanifukuza. Lakini chini yake palikuwa na mtu akiita." Akaacha kutafuna. "Mwanamume. Mbali sana. Sauti mbili zimepandana, sikupata kitu. Nilipata 'Mama.' Kisha, mahali fulani. Alitaja mahali. Hesabu zikalifunika jina lake."

Fundi alinitazama. Hakuniuliza mbele ya mgeni. Akageuka akashika maiki, akaita jina la meli, akasema ova, akawachia, akaita tena. Aliita mpaka maghribi. Baharia naye aliita kwenye boti yao, na ofisini bandarini waliambiwa, wakauliza meli zilizokuwa njiani. Hakuna aliyejibu. Siku ile, wala iliyofuata, wala mwaka ule.

Jioni fundi alinifuata barazani kwetu. "Ni wewe?"

"Si mimi. Mimi nimetolewa skuli."

Akakaa karibu yangu. "Kila mwanamume aliye baharini ana mama," akasema. "Huenda hakuwa yeye." Nilimwona anajitahidi kuniamini, na nikaona kwamba hakuweza. Hakunitaja kwa nyanya. Hakunipa tena maiki.

Mimi nilikua. Nilikaanga viazi, nikanunua karai la pili, nikakodi kibanda Bondeni. Kwa ukali wa kazi nilipata sifa. Sikuwa na mchezo na mtu. Lakini kila alfajiri nikiwasha jiko, mafuta yalipoanza kulia, nilizungumza. Nilizungumza chochote, nilimtukana paka, nilihesabu mahamri, ili nisisikie ndani ya mafuta. Wasichana wangu wa kazi walidhani nina wazimu mdogo. Acha wadhani.

Kabla ya mengi ya hayo, mwaka wa tisini na saba, nyanya alilala kitandani, na safari hii hakuinuka. Ilikuwa mchana, kahawa yanukia chini njiani, mwuzaji akigonganisha vikombe vyake. Nikaona kama simwambii sasa nitaibeba siri ile mpaka kaburini kwangu. Nikamwambia yote. Pumzi, kidole, hesabu, baharia.

Hakushtuka. Alinishika kile kidole, cha kulia, akakitazama kama mtu anayekagua kama kimepona.

"Ulifika wapi?" akauliza.

"Tano mara kumi."

"Basi alikusikia unasoma," akasema. "Alijua mwanawe yuko skuli. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta kule baharini, hakutafuta jingine." Akapumua. "Nimemaliza. Ova."

Akawachia mkono wangu, akafumba macho, akaelekeza sikio.

Naye sheria aliijua kuliko mimi. Alikuwa ameirudia kila siku kwa miaka: anayebonyeza hasikii. Kama yule alikuwa baba, na kama alikuwa akiita, basi hakunisikia mimi, kama mimi nami sikumsikia yeye. Nyanya alilijua hilo. Nami nilijua kwamba alijua. Ilikuwa zamu yangu, nikatafuta la kusema, mwuzaji wa kahawa akapita, vikombe vikafifia, tone likaanguka kisimani. Nyuma ya mlango, tik. Sikusema kitu. Alasiri alikuwa ameshafariki.

Mji wa Kale wa leo si ule. Kisima chetu kimefunikwa zege. Uwanjani kwa kriketi pameegeshwa tuktuk. Fundi amekufa, baharia sijui. Watoto wana simu ambazo wawili waweza kusema kwa pamoja na wote wasikilizane, na sioni kwamba wamesikilizana zaidi yetu. Hakuna tena anayemaliza neno lake kisha akanyamaza kukungoja.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya ghorofa mbili Bondeni, kwa jina langu. Mkahawa chini yake, meza kumi na moja. Makarai sita, friza mbili, gari la kubebea mizigo. Chumba cha kukodisha Makupa. Watoto wanne, wote wamemaliza skuli. Ovaroli moja ya buluu, nimeishonea vifungo vya kitambaa badala ya vya chuma. Na redio ya fundi, niliyoibeba siku ile ya karakana, iko juu ya kabati la vyombo, imetengenezwa, inafanya kazi.

Kijana aliyeitengeneza aliniuliza maiki aifunge upande gani. Nikamwambia aikate. Ile spika ya kusikilizia aiache.

Alasiri naiwasha, nazima jiko, na wasichana wote pale ndani wameshajua kwamba saa hiyo hakuna kuongea.