Alama za Mkaa za Sikudhani

Sikudhani wa Mkunya aliporudi kutoka misheni ya Masasi akiwa na titi moja, wifi yake Sijaona alimpokea kwa kilio kilichosikika mpaka bondeni. Kulia alijaliwa. Kuuliza mgonjwa amekula nini, hilo halikumjia.

Uvimbe ulishakatwa na kidonda kimefunga. Kilichobaki ni mkono wa upande ule, uliokakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani. Bibi Ida, muuguzi wa misheni, alimwagiza bila kupepesa macho: "Usiufunge. Usikubali wembe uuguse. Simama ukutani, vidole vikwee kama mjusi, kila asubuhi juu kidogo. Siku ukishika boriti, mkono umerudi kuwa wako."

Na mkono ndio ulikuwa kila kitu. Huko juu kwa Wamakonde maji yako chini kabisa ya mteremko, na mke asiyeweza kujitwisha mtungi haoni mavuno mawili kabla hajaletewa mke mwenza.

Basi akapandisha vidole ukutani. Kila alipofika, akachora alama ya mkaa.

"Wifi, unamloga nani ukutani?" Sijaona akauliza.

"Ningejua kuloga, ulimi huo ungekuwa bado unao?"

Nyumba ile ilikuwa na tiba moja tu: kila maumivu ni damu chafu. Kichwa kikiuma, wembe na pembe ya kuumika, ya kuifyonza hiyo damu. Mgongo ukiuma, wembe na pembe. Sijaona mwenyewe alikuwa amechanjwa mpaka akafanana na gogo la kukatia nyama, hajapona hata kikohozi, na bado ushauri ulimjaa tele.

Mumewe Sikudhani, Halfani, akamuunga mkono dada yake. "Mama Hamidu, kubali uumikwe. Si unaona mkono umevimba?"

"Umevimba kwa sababu jana mlinitwisha kuni, Baba Hamidu." Akauegemeza mkono juu ya furushi la nguo, akamgeuzia mumewe mgongo.

Mwaka huo ndipo ilipofika ile dawa ya maji, ya kumkinga mtu na bunduki za Wajerumani. Halfani akanywa, akapakwa usoni, akajifunga mabua ya mtama kichwani kama shamba linalotembea. Risasi ya Mdachi, akasema, ikimgusa itageuka maji. Huyo ndiye aliyeona vidole kupanda ukutani ni upuuzi! Akashika njia ya Masasi kwenda vitani, na neno la kuaga likawa: "Nikirudi nikukute umeshaumikwa."

Siku chache baadaye habari zikapanda mlima: misheni imechomwa moto, Bibi Ida amekimbia. Sijaona akaona uwanja mweupe. Akaja na wembe, pembe na majirani wawili wa kumshikilia mgonjwa.

Sikudhani hakukimbia. Alisimama palepale ukutani.

"Wifi, si uliumikwa bega wakati wa palizi?"

"Tena mara nyingi. Likapona kabisa."

"Basi njoo uguse alama yangu ya leo. Ukiifikia, nikate utakavyo."

Sijaona akacheka, akainua mkono. Ukafika usawa wa sikio, ukagoma. Akajinyonganyonga, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akatoa mlio wa mbuzi aliyenasa kwenye uzio. Jirani mmoja akaachia pembe chini kwa kicheko.

"Shikamoo, fundi!" jirani huyo akamwambia Sijaona. "Mgonjwa anakupita!"

Wembe ukarudi kwenye kitambaa chake, na mwenye wembe akarudi kwake bila kuaga.

Halfani alirejea mtama ukikaribia kuiva. Risasi haikugeuka maji. Ilipita begani, na mkono aliufunga kifuani mpaka ukawa mkavu kama mpini. Alimkuta mkewe ameshika boriti kwa mkono ule, umenyooka wote. Kisha mkewe akainama, akauinua mtungi, akajitwisha mwenyewe.

"Mama Hamidu," Halfani akasema akitazama ardhi, "hivi... mtu anaanzia wapi?"

Sikudhani akamwonyesha alama ya kwanza, ya chini kabisa, karibu na kiuno.

"Hapo. Na usichore juu ya zangu."

Akashika njia ya bondeni. Nyuma yake alisikia kucha zikikwaruza udongo wa ukuta, na mwanamume mzima akipiga kelele.