Maswali Matano ya Bi Mwamvita

Shule aliishia darasa la nne, lakini mwaka ule wa sabini na nne, katika bweni la wasichana pale Tabora, nani angemshinda jicho Bi Mwamvita binti Abbasi? Matroni huyu alikuwa na maswali matano. Msichana akianza kukonda, humwita jikoni wachambue maharage, wao wawili na ungo tu, maana mtu akiinamia maharage husema asichoweza kusema akitazamwa usoni. Kwa maswali hayohayo, bila kugeuza neno, aliwatambua wanaokula udongo wa kichuguu, wanaojinyima kwa siri, na wanaofakamia chakula kwa kujificha. Wauguzi wasomi walimcheka. Shauri yao.

Basi Josepha wa kidato cha pili, mtoto wa Kaliua, akaanza kutapika. Enzi hizo msichana akitapika watu hawaulizi, ni mimba tu. Mwalimu mkuu, Mama Apolinaria, akaandika barua ya kumfukuza shule.

"Nipe mpaka Ijumaa, Mama," Bi Mwamvita alimsihi. "Mwenye mimba hutapika hata tumbo likiwa tupu. Huyu hutapika akishiba tu."

Jumatano ungo ukawekwa.

"Chakula kinakukataa, mwanangu, au wewe ndiye unayekikataa?"

"Mimi, Bi."

"Kinatoka chenyewe, au unajitapisha?"

Josepha alichambua maharage muda mrefu kabla ya kukiri kwamba hutia kidole kooni. La tatu na la nne aliyajibu kwa kichwa. Swali la tano Bi Mwamvita aliliuliza taratibu kuliko yote.

"Ukishashiba, nani anakujia moyoni?"

"Mama," alisema Josepha, na machozi yakamtoka. "Na wadogo zangu wanne. Wamehamishiwa kijiji kipya, mvua imekataa, wanakula mara moja kwa siku. Mimi hapa nakula mara tatu."

Bi Mwamvita naye alilia, wala hakujificha. Kisha akajitanda kanga, akaenda stesheni kupanda gari moshi la Kaliua, kwa nauli yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo utampata wapi?

Alirudi Ijumaa mchana, vumbi mpaka kwenye kope, wasichana wakiwa wameshazunguka masinia. Akachuchumaa kando ya Josepha.

"Mama yako hajambo. Nimemweleza yote. Amesema hivi: 'Wanne nawalaza na njaa. Mmoja tu ndiye ninayejua ameshiba, na huyo ndiye anayenipa usingizi. Mwambie asininyang'anye.'"

Josepha akamega tonge, akala, akamega tena. Mama Apolinaria alikuwa amesimama mlangoni na barua yake, akingoja aone msichana atatoka saa ngapi kwenda kutapika nyuma ya jiko. Alingoja mpaka vyombo vyote vikaoshwa. Josepha alikuwa bado amekaa mkekani.