Makanya, Siku ya Gulio

Mke wangu hakutaka niwe dereva. Mbele ya baba yangu hakusema kitu, lakini tulipokuwa tukipalilia maharage kwenye shamba letu la Suji alipiga jembe kwa hasira tangu asubuhi, nami nikajua. Sikuwa na muda mrefu tangu nirudi kutoka vitani. Jeshini Waingereza walinifundisha kuendesha lori, na niliporudi mlimani mikono yangu haikutulia tena kwenye jembe.

"Ulikwenda huko vitani nikakungoja," aliniambia mwishowe. "Umerudi juzi tu, unataka kuondoka tena?"

"Siendi mbali. Ni hapo Same."

"Hapo Same," alirudia, akainama kuendelea kupalilia.

Tajiri wa malori pale Same alikuwa Mhindi mmoja mwembamba, mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni. Alinipa hendeli bila maneno mengi. Nikazungusha, injini ikawaka, tukaenda hadi nje ya mji na kurudi. Aliposhuka alisema, "Kesho njoo." Basi nikawa dereva. Nililala kwenye chumba cha nyuma ya duka lake nikiwa na furaha kubwa, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Tulipeleka mahindi, maharage na ngozi hadi Korogwe na Tanga, tukarudi na chumvi, mafuta ya taa na nguo. Barabara yote ilikuwa vumbi. Wakati wa kwenda, milima ilikuwa kushoto, upande wa utingo wangu. Wakati wa kurudi ilikuwa dirishani kwangu kabisa, nami nilikuwa nikiinua macho kutafuta Suji kwenye ukungu. Nilijua kule juu kuna baridi na moto umewashwa jikoni. Huku chini jasho lilinitiririka mpaka kwenye usukani.

Lori letu lilichemka upesi, kwa hiyo ilikuwa lazima kusimama Makanya, chini ya mlima wetu, tufungue boneti na kuongeza maji. Mke wangu alipopata habari hiyo akaanza kushuka siku za gulio, ndizi kichwani, mtoto wetu mgongoni. Kwa muda mrefu ndoa yetu ilikuwa hiyo tu: muda wa injini kupoa. Aliniletea makande, nikala nimesimama, huku akinipa habari za nyumbani. Ng'ombe kazaa. Baba anakohoa. Mvua bado.

"Na huyu," alisema siku moja, akimgeuza mtoto anitazame, "akiona vumbi la gari lolote huku chini anasema, baba. Nimechoka kumwambia siye. Sasa naitikia tu."

Nilinyoosha mikono nimchukue. Mtoto akaficha uso shingoni mwa mama yake.

Kisha zikaja mvua za masika. Mto ulijaa kati ya Hedaru na Makanya, malori yakapangana ukingoni, langu likiwa miongoni mwao. Ilikuwa siku ya gulio. Mtu mmoja kutoka ng'ambo akapaza sauti kuuliza ni nani dereva wa Mhindi wa Same. "Gulioni kuna mama mwenye mtoto," akasema, "anamwulizia kwa kila anayepita."

Nilimwachia utingo lori. Maji yalipopungua kufika kiunoni, nilivuka pamoja na wenzangu tumeshikana mikono, nikaenda mbio na nguo mbichi. Gulioni nilikuta watu wanafunga mizigo.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia muuza ndizi mmoja.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye? Amekungoja mpaka jua likageuka. Ana mtoto, na njia ya mlima unaijua. Angefanyaje?"

Akanipa makande niliyoachiwa, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Bado yalikuwa na uvuguvugu. Niliyashika nikitazama njia ya mlimani, lakini wingu lilikuwa limeshuka, sikuona mtu.

Miaka ikapita hivyo. Baadaye watu wetu wakatoka kwa msaragambo, kila nyumba na jembe lake, wakachimba barabara mpaka Suji. Nilimwomba tajiri nipande na lori lake, akakubali. Kijiji kizima kilitoka kupiga vigelegele. Mke wangu hakukimbia. Alisimama mlangoni mwa jiko akifuta mikono.

"Umefika na gari lako," alisema.

"Nimefika."

"Lizime basi, uingie ndani."

Kesho yake nilimpandisha mbele, pamoja na mtoto, nimpeleke Same akaone ninapolala. Hatukufika mbali. Kwenye kona za mteremko alitapika dirishani, akasema, "Nishushe, baba. Nitatembea." Nilimsihi, akakataa. Akajifunga khanga vizuri akashika barabara, nami nikafuata nyuma kwa gia ya kwanza, mtoto akicheka pembeni yangu.

Mke wangu hayupo tena. Wajukuu wakiniuliza habari za udereva hutaka kusikia juu ya simba na ajali, nami huwasimulia. Lakini ninachokikumbuka kila siku ni mgongo wake mbele ya lori, anatembea bila haraka, mara moja moja anageuka kututazama na kucheka. Tajiri alikuwa akitungoja na mzigo wake. Mimi sikutamani tufike.