Pete ya Dada Iliyogeuka Nyeusi

Nikilamba asali nakumbuka kipupwe cha Tabora. Asubuhi asali ya bibi ilikuwa imeganda, nyeupe kama samli, unaichota kwa kisu. Ukiianika chupa juani inalegea na kurudia wekundu wake. Shule nilisoma miaka miwili tu, basi mambo ya baridi na joto niliyajulia kwenye chupa ile. Hata pete ya dada nilikuja kuielewa kwa asali. Ngoja nikwambie.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sabuni kwa foleni. Fundi mmoja wa reli alimletea dada pete kutoka Dar es Salaam, kaipata kwa baharia. Alisema huko Marekani zimevuma, kila kidole kina yake. Kijiwe chake kilibadilika rangi: buluu, moyo umependa; nyeusi, moyo haupo. Mtaa mzima tuliijaribu. Kwa jirani muuza vitumbua, aliyeshinda jikoni, ikawa buluu ya kukoza.

"Makubwa! Umempenda nani na uzee huo?" tukamtania.

"Nampenda atakayenipisha nigeuze vitumbua vyangu!"

Miaka mingi baadaye mwalimu wa ngumbaru alinifafanulia. Chini ya kioo mna kitu kama mafuta, si maji si jiwe. Joto la kidole likikipanga hivi kinarudisha mwanga wa rangi hii, likikipanga vile, rangi ile. Hakisomi moyo. "Kumbe kama asali," nikamwambia. Akacheka. Mimi sikucheka.

Maana siku fundi alipokuja na mjomba wake kusikia jibu la posa, dada alikuwa anaosha mchele tangu alfajiri kwa maji ya mtungi. Wiki nzima alikuwa anaimba peke yake. Akaitwa, akapiga magoti mkekani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

"Mwanangu, umeridhia?" bibi akauliza.

Kwetu binti hajibu swali hilo. Akinyamaza, ndiyo hiyo. Siku hizi wajukuu zangu wanajibu kabla hujamaliza kuuliza. Dada akainama, kimya.

"Mpwa wangu, hongera!" mjomba akasema.

Fundi alikuwa anatazama kidole. Kijiwe cheusi tii.

"Mdomo umenyamaza, bibi," akasema, "lakini pete imesema."

"Pete ina ulimi? Kaa chini, baba, wali unakuja."

Hakukaa. Aliaga kwa adabu, mmoja mmoja, hata mimi mtoto. Dada alifumbua mdomo na kumwita, lakini fundi alikwisha kupinda kona ya msikiti, akishika njia ya stesheni, wala fundi hakurudi tena.